Kimya jii

Najua nimenyamaza hapa kwa wiki tatu hivi, kazi zilinibana. Lakini kimya hicho ndicho kimenipa mada ya leo.

Nimekuwa nikitengeneza programu ndogo ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili kwenye simu. Nikaiweka kwenye simu ya mama ili anisaidie kuijaribu. Siku mbili baada ya mimi kurudi Nairobi, akanitumia ujumbe: "Tangu uende nyumba ni kimya jiji." Nikadhani ananiulizia habari za jiji. Nilipompigia akacheka. "Mwanangu, mimi niliandika jii. Hiyo programu yako ndiyo imebadilisha."

Kosa lilikuwa langu. Kamusi ya programu niliijenga kwa kukusanya maandishi, mengi yakiwa habari za magazeti, kisha nikaiamuru itupe kila neno lililotokea chini ya mara tano. Sasa mwandishi wa habari ataandika wapi jii, chubwi au fofofo? Yote yakatupwa. Likija jii, programu inatafuta neno lililo karibu nalo kwa herufi: ongeza j moja, umepata jiji. Kwa mashine, hesabu imetoka sawa. Kwa mama, upweke wake umegeuzwa upuuzi.

Shuleni tanakali za sauti tulizikariri kama orodha. Jaza pengo, pata alama, basi. Ndiyo maana wengi wetu tunaziona kama pambo tu. Lakini hebu jaribu kuziondoa. "Mtoto ameanguka." Ameanguka pu sakafuni, tifu mchangani, au chubwi majini? Neno moja fupi linakuambia kama utembee au ukimbie!

Na si zote zinazoiga sauti. Giza totoro halina mlio. Nyeupe pepepe haisikiki. Jii nayo ni jina la sauti isiyokuwepo. Mwanaisimu Clement Doke, aliyechunguza lugha za Kibantu kule Afrika Kusini, alizieleza mwaka 1935 kama aina ya maneno inayojitegemea.

Sisi watu wa kompyuta ndio hatufai kabisa kuzidharau. Ping, programu ambayo mafundi wa mtandao huitumia kujua kama mashine nyingine inaitika, iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Jina alilitoa kwenye mlio wa sonar, ile mitambo ya kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti. Nasi tuna pikipiki na tukutuku, na asiye na salio anabipu. Hakuna kamati iliyokaa kutunga maneno hayo. Watu walisikiliza mashine, wakaiita inavyolia.

Maoni yangu ni haya: neno kuwa adimu kwenye maandishi si ushahidi kwamba ni kosa. Sehemu kubwa ya Kiswahili iko mdomoni. Tukizifunza simu zetu kwa maandishi rasmi peke yake, zitaongea kama taarifa ya habari, na sisi, kwa uvivu wa kukubali kila neno zinalopendekeza, tutazifuata.

Kuna atakayesema kwamba ukiruhusu kila mlio, programu haitakamata makosa tena. Ana hoja. Lakini tanakali hazitembei ovyo, zina wenzake. Jii huandamana na kimya au nyamaza, fofofo na lala, ndi na funga. Niliandika kanuni hiyo jioni moja, na makosa ya kweli bado yanakamatwa.

Mama amepata toleo jipya. Jana ameniandikia: "Mvua imenikuta sokoni, nimelowa chepechepe." Simu haikugusa neno hata moja.

Haya, ni zamu yenu. Kwenu kitu kikianguka matopeni kinalia vipi? Niandikieni niongeze kwenye kamusi.