Betri ya Mwananchi na Seva ya Mbali

Tumezoea kuambiwa kwamba simu janja ikielemewa na kazi, dawa ni kuituma kazi hiyo kwenye seva. Simu ipumzike, seva ihangaike. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa hulipiwa na mwananchi.

Kutuma nako kunakula chaji. Redio iliyomo ndani ya simu ina njaa kubwa ya umeme, na katika mtandao wa 3G huendelea kukesha kwa sekunde kadhaa hata baada ya data kwisha kupita. Mwaka 2010 Karthik Kumar na Yung-Hsiang Lu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliliweka wazi jambo hili: kuhamisha kazi huokoa nishati pale ukokotoaji unapokuwa mzito na data ya kutumwa inapokuwa kidogo. Mchezo wa sataranji wafaa kuhamishwa, kwani hali ya ubao mzima huandikwa kwa baiti chache, ilhali kutafuta hatua bora ni kazi pevu. Picha kubwa inayotumwa kutoka kijiji chenye mawimbi hafifu ni habari nyingine. Simu huongeza nguvu ya redio, hutuma kidogo kidogo, hurudia kilichopotea, na mwenye simu hubaki akitazama asilimia za betri zikiporomoka. Pengine atalipia kuichaji dukani.

Umbali nao una gharama. Mwaka huohuo watafiti wa mradi wa MAUI walionyesha kuwa kadiri safari ya kwenda kwenye seva na kurudi inavyorefuka, ndivyo akiba ya nishati inavyopungua. Nasi Afrika Mashariki kazi zetu nyingi huvuka bahari; Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona jinsi tulivyo mbali.

Nimesikiliza mawasilisho mengi ya mifumo ya umma. Bei ya seva hutajwa hadi senti ya mwisho. Chaji ya mtumiaji haitajwi kabisa. Kwa maoni yangu, programu yoyote inayonunuliwa kwa kodi yetu iwe na uwezo wa kupima mawimbi na ukubwa wa data, kisha iamue yenyewe: itume, ikokotoe humohumo kwenye simu, au isubiri. Seva zake zisogezwe karibu na watumiaji. Nazo nyaraka za zabuni zidai majaribio ya betri yafanyike kwa simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao dhaifu, si kwa Wi-Fi ya ofisi ya mkandarasi.