Gari Letu Kuukuu na Kipimo cha Moshi

Mama mwenzangu, huenda ukashangaa mwezi huu kunikuta nikizungumza habari za magari, maana katika ukurasa huu tumezoea homa za watoto na chakula cha wajawazito. Lakini moshi huingia mapafuni, na mapafu ni kazi yangu.

Sisi tunaishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Gari letu ni Toyota Hiace ya dizeli ya mwaka 1998, ndugu wa zile daladala na matatu mnazozijua. Siku za kazi Baba Neema hubebea ngazi na ndoo zake za rangi. Jumapili mimi huwapitia wazee wasio na usafiri pamoja na watoto wa shule ya Jumapili. Hapa gari lililofikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na ukikamatwa barabarani bila hati ya ukaguzi faini yaweza kufika pauni 1,000. Safari hii breki zilipita, taa zikapita, moshi ukatuangusha.

Kwa gari la dizeli mkaguzi huingiza kijibomba cha mashine kwenye eksozi, kisha hukanyaga mafuta mpaka mwisho, mara kadhaa, na mashine husoma weusi wa moshi. Kwa injini kama yetu, iliyoanza kutumika kabla ya Julai 2008 na ambayo kiwanda hakikuibandikia kiwango chake, mwisho ni 2.5. Yetu ilisoma 3.4.

Jioni ile Baba Neema akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Neema, iko gereji upande wa pili wa mji. Unalipa, unapewa hati, gari hata haliwashwi."

Sikumjibu upesi. Najua hesabu alizokuwa akipiga: bila gari hakuna kazi, na kodi ya nyumba ilikuwa ya wiki ileile. Ningekuwa mwongo nikisema sikushawishika. Mwishowe nikamwuliza, "Hati tutapata, Baba Neema, na moshi je? Jumapili watoto wakipanda kwa mlango wa nyuma, eksozi iko wapi?"

Si maneno ya kutishana. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Tena mwaka 2020, ofisa wa London anayechunguza vyanzo vya vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa, mwingi wake wa magari, ulichangia kifo cha binti wa miaka 9 aliyekuwa na pumu, ambaye alifariki mwaka 2013. Miaka tisa tu, jamani.

Baba Neema aliosha kikombe chake akaenda kulala. Asubuhi akalipeleka gari kwa fundi mmoja mzee.

Fundi yule alianza kama tunavyoanza sisi wodini, kwa kuuliza maisha ya mgonjwa. Gari huenda wapi? Ni safari za dakika kumi kumi, injini haipati joto sawasawa, na masizi hujazana ndani. Akataka kujua rangi ya moshi, kama ninavyouliza rangi ya kohozi. Mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto, huenda maji yanapenya ndani. Wetu ulikuwa mweusi, na alipofungua eya klina tuliona aibu, maana ilikuwa kama kitako cha sufuria. Ni sawa na jiko la mafuta ya taa lililoziba matundu. Litawaka, lakini litakuchafulia vyombo vyote.

Alibadilisha eya klina, chujio la dizeli na oili, akasafisha nozeli. Akauliza pia taiming belti ilibadilishwa lini, kwa kuwa mkanda uliochoka waweza kukatika injini inapokanyagwa mpaka mwisho, na hapo utalia kilio kingine. Juu ya zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi, alisema zaweza kusaidia kidogo kusafisha, lakini hazizibui eya klina.

Siku ya kurudia, alituagiza tuendeshe nusu saa katika barabara kuu kwanza, kisha tusizime injini tukingoja zamu. Hilo nililielewa mara moja. Mgonjwa akitoka kunywa chai ya moto, kipimajoto mdomoni kitadanganya. Na injini ya dizeli iliyopoa hutoa moshi ambao si hali yake ya kweli.

Mashine ilisoma 1.6.

Sikufichi, gharama yote ilizidi bei ya ile hati ya kununua. Wiki mbili tulikula maharage na mboga, na watoto walinung'unika. Siku hizi Jumamosi moja kila mwezi Baba Neema huipeleka Hiace barabara kuu ipate joto, na kwenye kalenda ya jikoni ameandika tarehe ya kubadili eya klina, chini ya siku ya kitinda mimba wetu kwenda kwa daktari wa meno.