Kwako tamu, kwake chungu

Barua ya mwezi huu imetoka mbali: Nyakisasa, wilayani Ngara, kule Kagera jirani na Burundi. Aliyeandika ni mwalimu, mzaliwa wa Muheza, Tanga, ameolewa na Mhangaza huu mwaka wa tano. Tatizo lake ni mchunga. Kila akiipika hiyo mboga ya kwao, mume anaonja tonge moja, anasukuma bakuli. "Chungu kama dawa," anasema, halafu anamalizia ugali kwa maharage. Sasa hata mtoto wao wa miaka mitatu ameanza kutema. Dada anauliza: "Huyu mwanaume anaidharau mboga, au ananidharau mimi na kwetu?"

Jamani, msicheke. Bakuli linalorudi jikoni limejaa linauma kuliko maneno, hasa kama uko ugenini na mboga yenyewe ndiyo kumbukumbu ya mama yako. Lakini kabla hujaita wazee, dada, sikia hili. Inawezekana kabisa kwamba wewe na mumeo mnachota sufuria moja lakini hamli mboga moja.

Habari hii ilianza kwa bahati tu. Mkemia mmoja wa kampuni ya DuPont kule Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba kinywa kimemjaa uchungu. Fox, ambaye ndiye alikuwa karibu zaidi na huo unga, hakusikia kitu. Wakabishana mpaka wakauonja wote wawili: kwa mmoja chungu, kwa mwingine ni kama kulamba chaki. Hiyo ilitangazwa mwaka 1931. Jeni inayohusika ilikuja kutambuliwa mwaka 2003 na kundi la Dennis Drayna, nayo inaitwa TAS2R38. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi mbili kali anausikia uchungu huo vizuri sana, aliyerithi mbili dhaifu hausikii au anausikia kwa mbali. Wapo pia wenye moja moja.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2012 Michael Campbell, Sarah Tishkoff na wenzao walitoa utafiti wa jeni hiyo hiyo kwa watu wa jamii 57 za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki. Walikuta tofauti nyingi, tena za kale kuliko safari ya binadamu kutoka bara hili. Kuwa mfugaji, mkulima au mwindaji hakukuonyesha uhusiano na aina ya jeni mtu aliyonayo. Kwa hiyo dada, ile kauli ya "ninyi Wahangaza hamjui mboga" iache. Na mume naye aache ya "watu wa Tanga mnakula majani".

Ila tusidanganyane, jeni hiyo moja haielezi kila kitu. Inahusika zaidi na uchungu wa ukoo wa kabichi, sukuma wiki na figili. Binadamu ana vipokezi vya uchungu kama 25, yaani milango midogo ulimini, na kila mmoja una wageni wake. Mtu anaweza kukimbia mchunga, jioni akashusha bia bila kukunja uso, na wala asiwe mnafiki!

Milango hiyo ipo kwa sababu. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, na mihogo tunaijua. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo baada ya kula mihogo michungu iliyoandaliwa harakaharaka. Kwa hiyo mtoto anayetema kitu kichungu hana ukaidi, analindwa. Tena mtoto huwa mkali zaidi. Mwaka 2005 Julie Mennella na wenzake, Philadelphia, walionyesha kwamba watoto wenye nakala moja kali na moja dhaifu wanausikia uchungu kwa wepesi kuliko watu wazima wenye nakala kama hizo. Wa kwako anaweza kutema leo, akaja kuifuata mwenyewe baadaye.

Maana ulimi unafundishika. Angalia kahawa, ambayo Kagera wanaitafuna hata buni yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kwa takwimu za Waingereza zaidi ya 400,000 uligundua kwamba wanaousikia zaidi uchungu wa kafeini ndio wanaokunywa kahawa nyingi zaidi. Wameuzoea, na wameupenda.

Sasa jikoni. Chemsha mchunga, mwaga maji ya kwanza, kamua. Nazi huko Ngara ni ya kutafuta, tumia karanga za kusaga, zinapunguza ukali. Chumvi kidogo, narudia kidogo, inaufifisha uchungu wenyewe. Hilo Breslin na Beauchamp walilithibitisha mwaka 1997. Mtoto mpe kiasi cha kidole, bila fimbo na bila kumbembeleza kwa soda, kisha rudia siku nyingine. Inaweza kuchukua mara nane, kumi, hata zaidi.

Na mume? Bwana, najua gazeti hili unalisoma ukijificha. Ukisema "kwangu hii ni chungu" umesema ukweli wa ulimi wako. Ukisema "hii mboga ni mbaya" umemgusa mama mkwe wako. Ungeanza na ile ya kwanza, dada asingeniandikia.

Dada, wewe pika yako, weka na maharage yake pembeni, mle pamoja. Halafu mwezi ujao niandikie kama mtoto ameshameza.