Anayedai Kila Siku, Naye Ahudumu Kila Siku



Katika mashirika yetu kuna swali linalorudi kila mara mkutano unapokwisha na watu wanapobadilishana namba: rezo ipi ni nzuri? Mmoja humsifu Vodacom, wa pili Airtel, wa tatu huapa kwa Orange, na aliyewahi kukaa Kinshasa huongeza jina la Africell. Kila mtu hutetea yake kama mshabiki atetavyo timu yake ya mpira. Sisi pia tumeshiriki mabishano hayo, wala hatujitoi katika lawama tutakayoitoa hapa. Leo twasema wazi: swali hilo, jinsi linavyoulizwa, ni swali baya, na ubaya wake huwafaidi wauzaji peke yao. Hakuna rezo nzuri kwa jumla. Kuna rezo inayokufikia pale unapolala, saa unapoihitaji, kwa bei unayoijua tangu mwanzo. Na kuna ile isiyofanya hivyo, hata kama tangazo lake limepamba ukuta mzima wa mji.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Mama mmoja wa shirika letu, mjane anayelima maharage upande wa Walungu, alinunua simu ya Android kwa malipo ya kidogo kidogo. Alitoa avansi, akaahidi kulipa kiasi fulani kila siku kwa muda wa miezi 6. Aliitaka simu ili mwanawe anayesoma mbali ampate, na ili wanunuzi wa mjini wamjulishe bei kabla hajashusha mzigo. Pale Bukavu alipokabidhiwa, rezo ilikuwa imejaa. Kijijini kwake, kampuni iliyomkopesha haisikiki ila juu ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Na deni halilipwi ila kwa pesa za simu za kampuni hiyohiyo.

Juma moja mvua ilinyesha mfululizo, njia ya kilima ikawa tope tupu. Pesa alikuwa nazo. Alikuwa amelipwa katika soko la Mugogo, na pesa zilikuwa ndani ya simu yenyewe. Hakupata rezo ya kuzituma. Siku ya nne simu ikajifunga, kwa maana programu iliyowekwa ndani yake huhesabu siku hata pasipo rezo. Alipofaulu kushuka sokoni hakuweza kufungua chochote. Ilimbidi akope kwa jirani, amlipe mdai wake kwa kupitia simu ya mtu mwingine, ili aifungue simu iliyobeba pesa zake mwenyewe. Ndani yake ulikuwa ukingoja ujumbe wa mwanawe: siku ya mwisho ya kulipa karo ilikuwa imepita jana yake.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Rezo haikuwapo kupokea malipo, lakini saa ya kudai haikuhitaji rezo. Kampuni ilikosa kumhudumia siku nne, na aliyeadhibiwa ni mama. Mkataba huo ulikuwa na kifungo kwa mkopaji asiyelipa. Haukuwa na neno hata moja juu ya mkopeshaji asiyefika. Huo ndio ubishi wetu wote, na mengine tutakayosema ni kuufafanua tu.

Wako watakaosema kwamba mama huyo alichagua vibaya. Na tuulize: angewezaje kuchagua vizuri? Alipewa nini cha kupimia? Dukani alionyeshwa vistari vilivyojaa juu ya kioo cha simu. Vistari hivyo husema jambo moja tu, kwamba simu inausikia mnara. Havisemi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo saa moja jioni, kila mmoja akitaka kuongea na kutazama picha. Ndiyo maana simu yenye vistari vyote hushindwa kutuma ujumbe mmoja jioni, na alfajiri ikautuma mara moja. Tena mawimbi yenyewe hayalingani: yale ya masafa ya chini, kama megahezi 900, husafiri mbali kuliko yale ya 1800 au 2100; na kilima kikisimama kati ya nyumba na mnara, kilima hushinda. Simu ya 4G aliyouziwa mtu anayeishi chini ya mnara wa 2G haitakuwa 4G kwa kuwa imeandikwa hivyo juu ya sanduku. Itapiga na kupokea sauti kama simu ndogo ya vitufe, ila kwa bei kubwa zaidi na kwa betri isiyomaliza siku.

Nasi tunaoishi mpakani tuna fumbo jingine. Idjwi na katika mitaa ya Bukavu inayotazama Rusizi, simu huweza kunasa mnara wa Rwanda kabla ya kunasa wa nyumbani. Wengi hubeba kadi mbili au tatu, moja ikiwa ya ng'ambo. Twadhani hapo tumeokoka. Lakini nchini mwetu minara mingi ni ya kampuni za kupangisha, kama Helios Towers, na rezo mbili au tatu huweza kutundika vyombo vyao juu ya mnara mmoja. Mahali pasipo umeme wa SNEL, mnara hutegemea jenereta, betri au jua. Mafuta yakikosa kufika, rezo zote zilizo juu yake huzimika pamoja, na kadi tatu za mfukoni huwa vipande vitatu vya plastiki.

Sasa tuje kwenye malipo. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Biashara ya siku hizi imejifunza kuyagawa matanga katika vipande vidogo hata yasionekane. Tuchukue mfano wa hesabu. Simu ni dola 60 kwa anayelipa taslimu. Kwa anayekopa ni avansi ya dola 15, kisha senti 40 za dola kila siku kwa siku 180. Senti 40 ni nini? Ni bei ya ndizi chache. Lakini zidisha: ni dola 72, ongeza avansi, ni dola 87. Deni halisi lilikuwa dola 45, na juu yake zimelipwa dola 27 za ziada, yaani asilimia 60 katika nusu mwaka. Mtu wa jirani akitukopesha kwa riba hiyo tungemwita kwa jina lake halisi, na hatungemruhusu kushika uongozi wa shirika. Kampuni ikifanya hivyo twaiita ofa.

Hatusemi kwamba kulipa kidogo kidogo ni dhambi. Mpango wa namna hiyo ulianzishwa Kenya mwaka 2020 na Safaricom pamoja na Google: avansi ya shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kwa siku, nao ulileta simu za intaneti mikononi mwa watu ambao hawangeweza kamwe kutoa bei yote mara moja. Asiye na dola 60 leo anaweza kuwa nazo kwa miezi 6, na si haki kumwambia angoje. Lakini huko nako simu hufungwa asipolipa, na hapo ndipo tunaposhtuka. Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa anayelishika jiwe hilo ameshika uhai wa nyumba. Jiwe la kusagia la leo ni simu. Ndani yake mna akiba ya mjane, namba ya mganga na wito wa mtoto. Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, ni kwa pesa za simu familia nyingi ziliendelea kupokea msaada wa ndugu zao. Mwenye kufunga simu kwa sababu ya senti 40 amechukua jiwe, na unga uliokuwa juu yake pia.

Twajua majibu ya kampuni, nayo si ya uongo yote. Nchi yetu ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili. Barabara ni mbovu, mafuta ni ghali, minara huibiwa vifaa, vita hukata njia za mafundi, na kodi ni nyingi. Haya yote twayakubali. Lakini yakiwa ni udhuru wa kutofika, basi yawe pia udhuru wa mkopaji ambaye hakufikiwa. Kampuni haiwezi kusema mbele ya serikali kwamba Walungu ni mbali mno kuhudumiwa, halafu ikasema mbele ya mjane wa Walungu kwamba yu karibu vya kutosha kudaiwa kila siku.

Wengine watatuambia kwamba kulalamika ni kupoteza pumzi. Wasahaulifu! Mwaka 2020 ilikuja tozo ya RAM, iliyokatwa kwenye inite zetu bila kutuuliza, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za intaneti. Nayo pia ilikatwa kidogo kidogo ili isiumize mara moja. Watu walipiga kelele, vyama vya raia na waumini wa kawaida, bungeni na barabarani, na mwaka 2022 tozo hiyo iliondolewa. Haikuondolewa kwa kuwa tulibadili rezo. Iliondolewa kwa kuwa watumiaji wa rezo zote walisema neno moja.

Basi tunadai nini? Kwanza, kila mkataba wa simu ya mkopo uonyeshe kwa tarakimu kubwa mambo matatu: bei ya taslimu, jumla yote itakayolipwa, na tofauti kati yake, tena uandikwe kwa lugha anayoisoma mnunuzi, si Kifaransa peke yake. Pili, siku ambayo rezo ya mkopeshaji haikupatikana mahali mkopaji anapoishi isihesabiwe kuwa siku ya deni. Tatu, simu iliyofungwa ibaki wazi kwa kupiga na kupokea, na kwa kutoa pesa ambazo ni mali ya mwenyewe. Nne, simu iliyokwisha kulipwa ipokee kadi ya rezo yoyote. Mamlaka ya ARPTC imewekwa na sheria kusimamia kampuni hizi. Na ituambie, kijiji kwa kijiji, ni nani anafika na ni nani hafiki, badala ya kutuachia vistari na matangazo.

Wakati tunapongoja, tusikae mikono mitupu. Kabla mtu hajanunua, na aazime kadi ya jirani, aijaribu nyumbani kwake, si mjini: alfajiri, adhuhuri na saa moja jioni, kwa siku saba. Apige, atume ujumbe, atume pesa kidogo. Aulize wenye kabine wa soko lake, kwa maana wao huijua rezo kuliko mkurugenzi. Azidishe malipo ya siku kwa idadi ya siku kabla ya kutia saini, na asiyejua kuzidisha azidishiwe na kijana wa shirika, bila aibu. Na kila shirika liwe na daftari moja: tarehe, saa, mahali, rezo iliyokosekana, madhara yaliyotokea. Malalamiko ya mdomo hupeperuka. Daftari la mashirika kumi, lenye tarehe, halipuuzwi kwa urahisi.

Na sisi tulio na simu nzuri mjini tuache kumcheka mwenye simu ndogo ya vitufe. Mara nyingi yeye ndiye aliyechagua vizuri: hadaiwi na mtu, na betri yake hukaa siku tano. Aibu tuliyomtia ndiyo iliyomsukuma mama yetu wa Walungu dukani. Hilo nalo liandikwe katika daftari, upande wa madeni yetu.

Mama huyo amekwisha kulipa. Alimaliza mwezi uliopita, siku 11 baada ya muda, kwa sababu ya siku alizofungiwa. Kampuni ilimtumia ujumbe wa pongezi, pamoja na ofa ya simu nyingine ya mkopo. Aliusoma siku mbili baadaye, juu ya kilima.