Pima Umeme wa Nyumba Kabla ya Kuchimba Sarafu

Ndugu msomaji, Jumapili hii tutazungumzia kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho, kwa fedha zilizobaki baada ya vingine vyote kununuliwa. Kifaa hicho ni kisanduku cha umeme cha kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu ni wa volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 unaohitajiwa na viungo vya ndani vya kompyuta. Katika kompyuta ya kuandikia barua, kisanduku dhaifu kitakuudhi tu. Katika kompyuta ya kuchimba sarafu za kidijitali, inayofanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, kisanduku cha namna hiyo chaweza kuiteketeza nyumba.

Kwanza tueleze uchimbaji wenyewe. Kompyuta hufanya hesabu za kubahatisha mfululizo, ikishindana na nyingine duniani kote ili kupata haki ya kuandika ukurasa mpya katika daftari la malipo la sarafu hiyo. Inayoshinda hulipwa sarafu. Zilizoshindwa nazo zimekwisha kula umeme.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Tukuyu, wilayani Rungwe. Baba ni mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mama anauza ndizi na maziwa sokoni. Kijana wao amepata kompyuta iliyokwisha tumika yenye kadi nne za picha, maana kadi hizo ndizo zifanyazo hesabu. Kila kadi inavuta wati 175, na viungo vingine vyote pamoja wati 100. Jumla ni wati 800. Kijana anauliza: je, ninunue pawasaplai ya wati ngapi?

Asinunue ya wati 800. Kifaa kinachofanya kazi saa zote 24 chafaa kibebeshwe kama asilimia 80 tu ya uwezo wake, kwa hiyo hapa panahitajika pawasaplai ya wati 1,000. Tena asisome namba kubwa ya juu ya boksi peke yake. Ubavuni mwa kifaa pana jedwali dogo linaloonyesha wati za kila volti, na zinazotakiwa na kadi za picha ni zile za volti 12. Ikiwa jedwali halipo, au wati za volti 12 ni chache mno kuliko jumla iliyotangazwa, akirudishe dukani. Vilevile baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi ndogo nyuma, iliyoandikwa 115 na 230. Swichi hiyo ikisahauliwa kwenye 115, kifaa kitaungua mara tu kitakapochomekwa katika umeme wetu.

Jambo la pili ni upotevu. Hakuna pawasaplai inayopitisha umeme wote iliopokea. Sehemu fulani hugeuka kuwa joto. Tangu mwaka 2004 upo mpango wa kupima vifaa hivi uitwao 80 PLUS, wenye madaraja kama vile Bronze, Gold, Platinum na Titanium. Tuseme pawasaplai ya kwanza inapitisha asilimia 85, na ya pili, ya daraja la juu zaidi, asilimia 90. Ili kutoa wati 800, ya kwanza itavuta wati 941 ukutani, na ya pili wati 889. Tofauti ni wati 52, ambazo ni mwanga wa balbu chache tu. Lakini mwezi una saa 720, na wati 52 kwa saa hizo zote ni uniti 37 za umeme. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hiyo hiyo hukimaliza.

Jambo la tatu ni nyaya. Wako wanaokosa plagi za kutosha za kadi, wakaunganisha ile plagi nyembamba ya diski iitwayo SATA. Plagi hiyo imepangiwa wati 54 hivi katika volti 12, na kadi ya picha yaweza kuvuta mpaka wati 75 kupitia tundu lake la chini pekee. Plagi huanza kwa kupata joto, kisha plastiki hulainika, na mwishowe hushika moto, aghalabu usiku watu wamelala. Kila kadi ipewe plagi yake halisi inayotoka katika pawasaplai.

Sasa tutoke ndani ya kompyuta, tutazame nyumba. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita za mraba 2.5, na wa taa ni 1.5. Mashine hii isichomekwe katika soketi iliyovutwa kutoka kwenye waya wa taa, wala katika ekstensheni iliyopita chini ya mkeka. Fundi aliyesajiliwa auangalie waya wa ethi, maana Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na radi. Radi zikianza, chomoa plagi. Tena Tukuyu kuna baridi, hasa Juni na Julai, na mama anaweza kushawishika kuanika nepi au kumlaza mtoto karibu na joto la mashine. Asifanye hivyo. Mashine iwe mahali pakavu penye hewa, mbali na kitanda, mkaa na magunia.

Baada ya usalama, tuje kwenye mfuko. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Orodha ya bei za TANESCO iliyoanza mwaka 2016 iliweka shilingi 100 kwa uniti kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 292 kwa mteja wa kawaida, kabla ya kodi na tozo. Mashine ya kijana wetu, hata ikiwa na ile pawasaplai bora, itamaliza uniti 75 kwa siku tatu na nusu. Kwa mwezi itakula uniti 640, ambazo kwa bei ya shilingi 292 ni shilingi 186,880. Zaidi ya hayo, nyumba inayovuka mpaka kila mwezi hutoka katika bei ya mteja mdogo, hata balbu ya jikoni na pasi ya mama zikalipiwa bei kubwa.

Pawasaplai bora itakuwa imeokoa zile uniti 37, yaani shilingi 10,800 hivi kwa mwezi. Ni fedha nzuri. Lakini mbele ya shilingi 186,880 ni kama kuziba tundu moja katika chekeche.

Je, mapato yatafidia? Sarafu iliyokuwa ikichimbwa mno kwa kadi za picha, Ethereum, iliacha kabisa uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, na wenye kadi wakabaki kugombania sarafu ndogo ndogo. Bitcoin nayo huchimbwa kwa mashine maalumu. Mojawapo, Antminer S19 Pro, huvuta wati 3,250. Hizo ni uniti 78 kwa siku moja, yaani zaidi ya mgao wa mwezi mzima wa mteja mdogo. Tena huvuta ampea 14, na plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Mashine kama hiyo si ya sebuleni.

Wako watakaosema kwamba Afrika wapo wanaochimba. Ni kweli. Mashariki ya Kongo, katika Hifadhi ya Virunga, mashine za Bitcoin zilianza kazi mwaka 2020 penye kituo cha umeme wa maji cha Luviro. Lakini zilipelekwa huko kutumia umeme ambao ulikuwa haujapata wanunuzi wa kutosha vijijini. Familia yetu ya Tukuyu hununua umeme kwa LUKU, kwa rejareja, kama jirani zake. Mto Kiwira unapita kwa nguvu chini ya Daraja la Mungu, lakini nguvu hiyo haipunguzi bei ya uniti chumbani kwa kijana.

Tena kuna sheria. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Hesabu za kijana zisisahau hayo.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kumpa mwanao fedha za pawasaplai, keti naye mezani na karatasi. Aandike wati za kila kiungo, azidishe kwa saa 720, agawanye kwa 1,000 apate uniti, kisha azidishe kwa bei iliyo katika risiti yako ya LUKU. Upande wa pili aandike mapato ya mwezi uliopita ya kadi kama zake, wala si ya mwezi anaoutumaini. Upande wa gharama ukiwa mzito, usimkemee. Kadi tatu ziuzwe, ya nne ibaki, na pawasaplai ndogo iliyo imara inunuliwe. Hapo nyumba itapata kompyuta ya kusomea watoto wote, nawe utalala bila kunusa moshi.