Kiungo cha Sukari Kisidharauliwe

Mwanafunzi akiulizwa ukuta wa seli ya hamira umejengwa kwa nini, hujibu "kwa polisakaridi", naye hupewa alama zote. Jibu ni sahihi, ila limeacha njiani jambo lenyewe. Hamira ya mkate, *Saccharomyces cerevisiae*, na *Candida albicans*, kuvu iletayo utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga, zote mbili zimevikwa manani, yaani minyororo ya sukari iitwayo manosi. Lakini baadhi ya manosi za *Candida* zimeshikana kwa kiungo cha beta-1,2, ambacho hamira ya mkate haina. Sukari ni ile ile. Mshikamano tu umegeuka, na kingamwili hulitambua hilo. Kwa kingamwili, mwaka 1961, Hasenclever na Mitchell waliigawa *Candida albicans* makundi mawili, A na B. Chini ya manani imejificha glukani, ambayo chembe nyeupe za damu huishika upesi ikifunuliwa. Vazi hilo la nje, basi, si pambo.

Kwa nini viungo visifundishwe? Mtihani ungeweza kuuliza sababu ya wanga kumlisha mtu na selulosi kumshinda, ilhali zote ni glukosi. Atakayejibu hilo hatashangazwa na *Candida*.