Ajenti asiye na matrikule

Ku kazi yetu neno "ajenti" liko na maana moja. Ajenti ni mutu mwenye kontra, mwenye matrikule, mwenye jamaa inayongojea mwisho wa mwezi. Sasa ku biro za kampuni wanaleta ajenti wa namna ingine. Huyu haiko mutu. Ni programu ya akili ya mashini, ile wanaita IA, na wanataka kumupa kazi ya kuchunga rezo: waya, antene na vifaa vinavyobeba sauti na habari toka chini ya udongo mpaka juu.

Mama mumoja, bibi ya mufanyakazi, alituuliza: "Mambo ya rezo inatuhusu nini? Haiko kazi ya maenjeniere?" Mama, inakuhusu sana. Mu mugodi wa kisasa rezo haiko ya WhatsApp tu. Ndani yake munapita telefone ya chini, vipimo vya hewa mubaya, amri za ventilatere, na hesabu ya watu walioshuka. Rezo ikikatika, wale wa juu hawajui tena nani iko wapi.

Sisi tulikwisha kuiona. Usiku mumoja, ku mugodi mumoja tusioutaja, fundi alibadilisha kitu kidogo mu rezo saa ekipe zilikuwa zinapokezana. Ekrani ya hesabu ya watu ikasimama. Dakika makumi ine hawakujua nani amepanda na nani angali chini. Kilichosaidia ni ubao wa zamani wa jetoni: jetoni isiporudi, mwenyewe angali chini. Wote walipanda salama. Lakini habari ilifika ku kampi mbele yao, na wamama walikuwa tayari ku mulango wa kampuni.

Huyu ajenti mupya hajui mugodi wetu. Mbele ya kutumika anasoma maandiko ya kile chombo cha kuchungia rezo: amri gani ziko, kila moja inafanya nini, inahitaji nini. Fundi wa zamani akiambiwa azime kifaa cha ngazi ya chini kisha akiwashe tena, anajua kwa kichwa kwamba saa hii watu wako kule, anangoja. Ajenti hana ile kumbukumbu. Kisichoandikwa, kwake hakiko.

Hata watu wenyewe wanakosea. Munakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp na Facebook zilinyamaza zaidi ya saa sita dunia nzima. Mafundi walitoa amri moja ya kupima nguvu ya rezo yao, nayo ikakata rezo yote. Programu iliyopaswa kuzuia amri mubaya ilikuwa na kosa, haikuzuia. Na vyombo vya kutengenezea vilipitia rezo ileile iliyokufa. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai 2022, kampuni Rogers ya Kanada iliangusha rezo ya watu zaidi ya milioni 12 kwa namna hiyo, na hata simu nyingi za kuomba musaada wa haraka hazikupita. Huko hakukuwa ajenti wa IA. Sasa fikirieni mwenye kutoa amri mia mbele mutu hajamaliza kusoma moja.

Mwanzoni ku sendika tulisema: hapana, iondoke. Leo tumebadilisha mawazo. Mashini inakuja, tusikubali maandiko yake yaandikwe bila sisi. Tunaomba mambo tano.

Kwanza, amri za kutazama zitengwe na amri za kubadilisha. Haiko jambo jipya: kanuni ya SNMP, iliyotoka 1988, inatofautisha kusoma na kuandika. Ajenti atazame atakavyo. Kubadilisha, hapana, mpaka mutu mwenye jina atie sahihi.

Pili, kila amri ya kubadilisha iandikwe na hatari yake: nani atabaki bila telefone, ventilatere gani itapoteza amri, saa gani hairuhusiwi.

Tatu, njia ya kurudi nyuma iandikwe. Hii nayo iko: kanuni ya NETCONF ya 2006 inaweza kuweka badiliko kwa muda tu. Mutu asipolithibitisha, kwa kawaida mu dakika 10, kila kitu kinarudi kama zamani. Juu ya nini chini ya udongo tusiwe na hiyo?

Ine, tubaki na njia isiyopita mu rezo ile: telefone ya waya wake yenyewe, na ubao wa jetoni. Ubao hauombi umeme.

Tano, maandiko yawe pia mu Kifaransa chepesi na Kiswahili, na delege wa sendika apate kopi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatambua delege na komite ya usalama. Basi hayo maandiko yapite ku ile komite, yasibaki ku biro ya informatike.

Na iko neno moja la mwisho, labda nzito kuliko yote. Ni nani anajua mambo ya kuandika humo? Ni mafundi wetu wa miaka makumi mbili. Sasa wanaitwa mumoja mumoja: "Andika yote unayoyajua." Wanaogopa kwamba siku wanamaliza kuandika, njo siku wanapewa barua ya kuachishwa. Mutu mwenye ile hofu ataficha kitu, na kile alichoficha njo kitaua mutu. Kampuni ikitaka maandiko ya kweli, itie sahihi kwanza: mwenye kuandika hataachishwa juu ya alichoandika.

Ku mukutano unaokuja, wandugu, tuulize mushahara, ndiyo. Lakini tuulize pia: maandiko ya ajenti yako wapi, na nani alitia sahihi?